Faida ya mtaro yaishia kwenye bomba lisilojulikana

MKANDARASI mdogo anaposhinda zabuni ya kuchimba mtaro wa mita mia nne kando ya barabara ya mjini, karatasi yake ya hesabu huwa inafanana sana na ya mwenzake aliyeshindwa. Kuna mstari wa kuchimba kwa mita, mstari wa mchanga wa kulazia bomba, wa kufukia na kushindilia, wa kuzoa kifusi na wa kurudisha lami. Mstari mmoja haupo katika karatasi nyingi: ule wa kutafuta kilichomo ardhini kabla ya sururu ya kwanza kushuka. Kwa kuuacha nje mkandarasi hupunguza bei yake kidogo, na pengine ndivyo alivyoshinda. Lakini ni mstari huo huo unaoweza kuamua, siku ya tatu ya kazi, kama kandarasi italeta faida au itammaliza.

Wahandisi hawako peke yao katika suala hili. Nyuma ya mkandarasi wa daraja la chini yuko mwenye duka la vifaa aliyetoa mabomba kwa mali kauli, yuko mwenye kijiko anayedai kodi ya kila siku hata mashine ikilala, na yuko ndugu au rafiki aliyetia milioni mbili tatu ili kazi ianze, akisubiri mgawo wake hati ya kwanza ya malipo itakapopita. Wote hao wameweka fedha zao katika shimo ambalo hakuna aliyeuliza lina nini ndani.

Na wako vibarua. Kibarua anayepiga sururu kwenye waya wa umeme wenye moto hapati nafasi ya kujadili vifungu vya mkataba. Mlipuko wa waya uliokatwa huyeyusha chuma na kuunguza uso na mikono kwa sekunde moja, hata kama umeme wenyewe haukupita mwilini.

Tabaka juu ya tabaka

Jiji la Dar es Salaam ni mfano mzuri, kwa kuwa chini ya barabara zake kuna kazi za miaka mingi, kila moja ikiwa imefukiwa na watu wasiowajua waliotangulia. Yapo mabomba ya majisafi na majitaka ya DAWASA, mengine ya chuma na mengine ya plastiki. Zipo nyaya za TANESCO za kilovolti 33 na 11, pamoja na zile ndogo za volti 400 na 230 zinazoingia madukani na majumbani. Zipo nyaya za zamani za simu za shaba, na baada ya mkongo wa SEACOM kufika nchini kwa njia ya bahari mwaka 2009 zikaongezeka nyaya za fiba za kampuni mbalimbali, ambazo kila moja ilitaka kumfikia mteja kabla ya mwenzake.

Gesi asilia ya Songo Songo ilianza kutumika jijini mwaka 2004, ikipitia bomba linalofika Ubungo. Bomba la pili, la inchi 36, kutoka Mtwara lilikamilika mwaka 2015. Kigamboni ndiko linakoanzia bomba la TAZAMA la kilomita 1,710 kwenda Ndola, Zambia, lililoanza kazi mwaka 1968 na ambalo tangu mwaka 2023 hupitisha dizeli badala ya mafuta ghafi.

Mabomba makubwa ya aina hiyo yana ramani, yana njia zilizosafishwa, na yana vibao vya tahadhari. Yanayommaliza mkandarasi mdogo ni madogo: bomba la maji la inchi mbili lisilo kwenye ramani yoyote, mpira uliovutwa usiku na mtu aliyejiunganishia maji kinyemela, waya wa taa za barabarani uliohamishwa wakati wa kupanua barabara, au fiba iliyolazwa futi moja tu chini kwa sababu aliyeilaza alikuta mwamba na muda wake ulikuwa umekwisha.

Kina nacho hakiaminiki. Waya uliozikwa mita moja miaka ishirini iliyopita unaweza leo kuwa nusu mita kwa sababu greda limekwangua barabara, au mita moja na nusu kwa sababu kifusi kimeongezwa juu yake. Anayepanga kazi kwa imani kwamba nyaya zote ziko mita moja chini anapanga kwa kubahatisha.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Ukanda huo ndio unaotumiwa na kila mwenye waya au bomba la kupitisha. Kibali cha kuchimba ndani yake hutolewa na TANROADS kwa barabara zake, na TARURA, wakala ulioanza mwaka 2017, kwa barabara za mijini na vijijini. Wapo makandarasi wanaokichukulia kibali hicho kama kinga. Kibali humwambia mchimbaji kwamba ameruhusiwa kuchimba. Hakimwambii atakutana na nini. Taarifa hiyo inabaki kwa wenye mali, na mchimbaji hulazimika kuzunguka ofisi moja baada ya nyingine kuiomba.

Nani atalipa

Mikataba mingi mikubwa ya ujenzi hufuata vitabu vya FIDIC, na masharti yake hushushwa hadi kwa mkandarasi msaidizi anayechimba. Kitabu chekundu cha mwaka 1999 kinafaa kusomwa na yeyote mwenye fedha katika mtaro. Kifungu 4.10 kinamtaka mwenye mradi ampe mkandarasi taarifa alizonazo kuhusu hali ya ardhi, lakini jukumu la kuzitafsiri kinamwachia mkandarasi mwenyewe. Kifungu 4.12 kinamruhusu mkandarasi kudai muda na gharama za ziada akikuta hali ya ardhini isiyotarajiwa, zikiwemo vizuizi vilivyowekwa na binadamu.

Neno zito hapo ni "isiyotarajiwa". Maana yake katika mkataba ni hali ambayo mkandarasi mwenye uzoefu asingeweza kuitazamia hadi tarehe ya kuwasilisha zabuni. Sasa kama mita tano kutoka kwenye mtaro kuna chemba ya maji yenye mfuniko, na mita kumi kuna nguzo ambayo waya wake unashuka na kuzama ardhini, ni vigumu mkandarasi kusimama mbele ya mhandisi mshauri na kudai kwamba bomba na waya vilimshtukiza. Kutotazama hakufanyi kitu kiwe hakitarajiwi. Mwenye duka aliyekopesha mabomba kwa matumaini kwamba "hasara ya chini ya ardhi italipwa na mwenye mradi" anapaswa kujua hivyo mapema.

Hata pale dai linapokuwa halali, saa inahesabu. Kwa kifungu 20.1 cha kitabu hicho, taarifa ya dai lazima itolewe ndani ya siku 28 tangu mkandarasi alipojua au alipopaswa kujua tukio. Zikipita, haki ya muda na fedha imekwisha. Makandarasi wadogo wengi hutumia siku hizo kumbembeleza msimamizi kwa mdomo.

Bima nayo haina huruma kubwa. Katika bima za kazi za ujenzi hutumika sana kifungu cha nyongeza namba 102 cha kampuni ya Munich Re, kinachohusu nyaya na mabomba yaliyofukiwa. Kwa kifungu hicho bima hulipa tu kama, kabla ya kuanza kazi, mkandarasi aliulizia kwa mamlaka husika mahali hasa zilipo nyaya na mabomba, na akachukua hatua za kuzuia uharibifu. Tena malipo yenyewe huishia kwenye gharama ya matengenezo. Hasara inayofuatia, kama ya kiwanda kilichosimama au barua ya madai kutoka kwa mwenye fiba, haimo. Anayelipa ada ya bima bila kuhifadhi nakala ya barua alizoandika kuulizia, zikiwa na muhuri wa kupokelewa, analipia kitu ambacho huenda hatakipata.

Kutafuta kabla ya kuchimba

Kazi yenyewe ya kutafuta haina uchawi, ila ina utaratibu, na kila hatua ina mahali inapodanganya.

Huanza na karatasi. Ramani huombwa kutoka kwa kila mwenye miundombinu, hata yule anayedhaniwa hayupo eneo hilo. Ramani hizo husaidia kujua kuna nini. Ni nadra kusema kwa uhakika kiko wapi. Nyingi huchorwa kutokana na mpango wa kazi, wakati fundi aliyekuwa mtaroni alikwepa mti, jiwe au kioski na hakurudi kusahihisha mchoro.

Hatua ya pili ni kutembea. Mtu mwenye jicho husoma ardhi kama karani anavyosoma leja. Mfuniko wa chemba, koki, mita ya maji, boksi la simu, transfoma, nguzo yenye bomba la kushushia waya, kiraka kirefu kwenye lami, mstari wa ardhi iliyodidimia au majani mabichi wakati wa kiangazi, vyote hivyo ni maandishi. Mifuniko miwili inayotazamana karibu kila mara ina bomba au mfereji kati yake. Wazee wa mtaa na mama lishe aliyekaa kona ile miaka kumi na tano huwa wanakumbuka ni upande gani kulichimbwa na ni nani aliyechimba. Maneno yao huandikwa, ingawa hayatoshi.

Ndipo inapoingia mashine. Iliyo ya kawaida ni kitafuta nyaya cha kushika mkononi, kinachofuata mawimbi ya sumaku yanayotoka kwenye kitu cha chuma chenye mkondo wa umeme. Kikiwekwa upande wa umeme husikia nyaya zinazopitisha umeme wa hezi 50. Kikiwekwa upande wa redio husikia mawimbi ya redio za mbali yanayosafiri katika vyuma virefu ardhini. Njia ya uhakika zaidi ni ya tatu, ya kutumia kifaa mwenza kinachotoa mawimbi, mara nyingi ya kilohezi 33. Kifaa hicho hufungwa kwenye koki au waya, kisha kitafutaji hufuata njia yake hatua kwa hatua.

Hapa ndipo wasiojua hupoteza fedha. Kwa upande wa umeme, mashine husikia tu waya wenye mkondo. Waya wa taa za barabarani saa nne asubuhi hauna mkondo, hivyo hukaa kimya, na jioni taa zikiwashwa unaua. Waya mkubwa wa njia tatu uliobeba mzigo sawasawa unaweza kutoa sauti ndogo kuliko waya wa nyumba moja. Bomba la plastiki halisikiki kabisa, wala fiba isiyo na chuma, isipokuwa aliyelaza alikuwa muungwana akaweka waya mwembamba wa kufuatilia pembeni yake. Mahali penye mabomba matupu ya kupitishia nyaya, fundi anaweza kusukuma ndani kifaa kidogo kinachotoa mawimbi na kukifuata kwa juu. Kwa hiyo ukimya wa mashine si cheti cha usalama.

Rada ya ardhini huweza kuona plastiki, kwani hupeleka mawimbi chini na kusoma yanayorudi kutoka kwenye chochote kinachotofautiana na udongo. Katika mchanga mkavu hufanya kazi nzuri. Katika udongo wa mfinyanzi uliolowa, na katika ardhi yenye maji ya chumvi kama ya karibu na ufukwe, mawimbi hunyonywa na picha huwa ukungu mtupu. Mfanyabiashara anayeambiwa na mwenye rada kwamba mashine yake "inaona kila kitu" aulize kwanza imewahi kutumika katika udongo gani.

Mwisho wa yote ni beleshi. Mashimo ya majaribio huchimbwa kwa mkono mahali ambapo mtaro utapishana na kitu kilichotambuliwa, na mengine katikati pale palipo na wasiwasi. Huchimbwa kando ya kinachotafutwa na kukisogelea kwa ubavu, kwa beleshi lenye ncha ya mviringo na mpini usiopitisha umeme. Sururu na mtarimbo huwekwa mbali. Mchanga laini katikati ya udongo mwekundu, tofali zilizopangwa mstari, au utepe wa plastiki wenye maandishi ya tahadhari, ni dalili kwamba kitu kiko karibu. Kinapoonekana hupimwa, hupigwa picha, na waya wowote huhesabiwa kuwa una moto hadi mwenyewe aje aseme hapana. Katika nchi tajiri mashimo hayo siku hizi huchimbwa kwa mashine za kunyonya udongo, lakini kibarua makini akilipwa kwa siku badala ya kwa mita hufanya kazi hiyo hiyo. Akilipwa kwa mita, atatumia sururu.

Wahandisi wa Marekani wameyaweka mambo haya katika madaraja manne, kwenye kanuni iliyotolewa na chama chao cha ASCE mwaka 2003 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2022. Daraja D ni taarifa ya karatasi na ya mdomo. C ni ile iliyolinganishwa na vinavyoonekana juu ya ardhi. B ni iliyopatikana kwa mashine, na A ni ya kitu kilichofunuliwa na kupimwa kwa macho. Mwekezaji asiyejua uhandisi anaweza kuuliza swali moja tu: mistari iliyo kwenye mchoro huu ni ya daraja gani? Akijibiwa kwamba yote ilinakiliwa kutoka kwenye ramani za ofisini, basi amenunua D, hata kama mchoro wenyewe una rangi sita.

Hesabu za wenzetu

Chuo Kikuu cha Purdue, kwa niaba ya idara ya barabara kuu ya serikali ya Marekani, kilichunguza miradi 71 ya barabara katika majimbo ya Virginia, North Carolina, Texas na Ohio mwishoni mwa miaka ya 1990. Matokeo yalikuwa kwamba kila dola moja iliyotumika kutafuta miundombinu kwa madaraja B na A iliokoa dola 4.62. Gharama ya utafutaji haikufika nusu asilimia ya gharama za ujenzi. Ni miradi mitatu tu kati ya hiyo 71 ambayo fedha hazikurudi.

Miradi hiyo ilikuwa mikubwa na bei za Marekani si za Kariakoo, kwa hiyo uwiano huo hauwezi kubebwa mzima mzima. Hata hivyo ichukuliwe, kwa ajili ya hesabu tu, kandarasi ya shilingi milioni 80. Nusu asilimia yake ni shilingi 400,000. Kwa mtaro mdogo gharama ya kutafuta itakuwa juu kuliko hapo, kwa sababu kukodi mashine kwa siku moja hakupungui kwa kuwa mtaro ni mfupi. Ikizidishwa mara nne inafika 1,600,000, sawa na asilimia mbili. Mkandarasi mwenye faida ya asilimia kumi atabaki na nane. Akikata waya mmoja wa kilovolti 11, akasimamishwa wiki moja huku kijiko kikidai kodi yake, hesabu ya asilimia kumi haina tena maana.

Uingereza nako kuna takwimu zinazomgusa mwenye duka zaidi kuliko mkandarasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham walitoa mwaka 2016 hesabu iliyotokana na matukio 16 yaliyochambuliwa kwa kina. Wastani wa gharama ya moja kwa moja ya kutengeneza ulikuwa pauni 970 kwa waya wa umeme, 485 kwa bomba la gesi, na 2,800 kwa fiba. Lakini walipojumlisha foleni, kazi zilizosimama na biashara zilizopotea, gharama halisi ilikuwa kama mara 29 ya ile ya matengenezo. Sehemu kubwa ya fedha hizo haimo katika ankara yoyote. Ni ya mwenye bucha ambaye friji lake lilizima, ya wakala wa fedha kwa simu ambaye mtandao ulipotea siku ya mshahara, ya mwenye hoteli ambaye bomba lilikauka saa sita mchana. Hao hawamjui aliyechimba na hawana wa kumdai.

Nchini humo huchimbwa mashimo yapatayo milioni 4 kwa mwaka, na serikali yao imekadiria kwamba miundombinu hugongwa kwa bahati mbaya mara 60,000, kwa hasara ya pauni bilioni 2.4. Hiyo ndiyo sababu imeanzisha rejesta moja ya kitaifa inayokusanya ramani za wenye nyaya na mabomba wote mahali pamoja. Marekani ilichukua njia ya simu: tangu Mei 2007 anayetaka kuchimba popote hupiga namba 811, akatoa taarifa siku mbili tatu kabla, na wenye mali hutuma watu kuja kupaka rangi juu ya ardhi. Nyekundu ni umeme, njano ni gesi na mafuta, rangi ya chungwa ni mawasiliano, buluu ni maji ya kunywa, kijani ni majitaka, na nyeupe ni mstari wa mchimbaji mwenyewe. Hakuna kinachomzuia mkandarasi wa Temeke kutumia rangi hizo hizo kwenye eneo lake, ingawa mvua za masika huzifuta haraka na inabidi kuweka na mambo za mbao.

Mkwaruzo uliofukiwa

Kukata waya angalau kunajulikana papo hapo. Lililo baya zaidi ni kugusa bila kukata. Meno ya kijiko yanakwaruza bomba la chuma, rangi ya kinga inatoka, pengine linabonyea kidogo, halivuji. Nyapara anatazama kushoto na kulia, anaagiza udongo urudishwe, kazi inaendelea. Akitoa taarifa atasimamishwa na huenda akatozwa. Akinyamaza leo itapita. Kwa mtu anayedaiwa na mwenye duka, mwenye mashine na vibarua ishirini, kishawishi hicho si kidogo.

Huko Bellingham, jimbo la Washington, mwaka 1994 bomba la petroli la inchi 16 liliharibiwa na mashine ya kuchimba wakati wa ujenzi katika mtambo wa kusafisha maji. Bomba liliendelea kufanya kazi kwa miaka mitano. Tarehe 10 Juni 1999 lilipasuka, galoni zipatazo 237,000 za petroli zikamwagika na kuingia katika kijito kinachopita mjini, zikawaka. Watoto wawili wa miaka 10 na kijana wa miaka 18 walikufa. Wachunguzi wa serikali waliutaja uharibifu wa uchimbaji ule miongoni mwa sababu za ajali, na hasara ya mali ilikadiriwa kuwa dola milioni 45.

Tarehe 30 Julai 2004 ilikuwa zamu ya Ubelgiji, katika eneo la viwanda la Ghislenghien. Bomba la gesi la shinikizo kubwa lililokuwa limeumizwa na mashine za ujenzi lililipuka na kuua watu 24, wakiwemo askari wa zimamoto waliokuwa wamekuja kuchunguza harufu ya gesi. Zaidi ya watu 130 walijeruhiwa.

Eneo la viwanda lenye bomba la gesi chini na ujenzi juu si picha ngeni tena kwa msomaji wa Dar es Salaam. Ndiyo maana katika mikataba midogo inafaa kuwe na sharti kwamba mkwaruzo ukitolewa taarifa siku ile ile, anayetoa taarifa halipishwi faini zaidi ya matengenezo. Anayemtisha nyapara kwa faini kubwa ananunua ukimya wake.

Maswali kabla ya kutoa fedha

Mwenye mtaji anayeombwa kuingia katika kazi ya mtaro hahitaji kujua kushika mashine. Anaweza kuomba kuona barua za kuulizia zilizogongwa muhuri, mchoro wenye daraja la taarifa, picha za mashimo ya majaribio zikiwa na vipimo, na mstari wa gharama ya utafutaji ndani ya bei ya zabuni. Kama mstari huo haupo, aulize utalipwa kutoka wapi, kwa sababu utalipwa. Aombe pia kuona bima yenyewe, ukurasa wa nyongeza na si ule wa mbele wenye nembo, asome kama kifungu cha nyaya na mabomba kimo na kiwango ambacho mkandarasi atajilipia mwenyewe kabla ya bima kuingia.

Mwenye hisa katika kampuni za simu naye yumo, hata kama hajui. Mali ya kampuni hizo iko futi chache chini ya njia za waenda kwa miguu, na kila mkandarasi anayeshinda kwa bei ya chini kwa kuruka utafutaji anaipitia kwa sururu.

Kwa mwenye duka la vifaa liko jambo jepesi zaidi, linalotegemea uamuzi wake mwenyewe. Mabomba ya mali kauli si lazima yatoke dukani siku mkataba unaposainiwa. Kuomba ramani, kutembea, kupita na mashine na kuchimba mashimo ya majaribio huchukua siku kadhaa, na siku hizo mabomba hayana kazi yoyote mtaroni. Yanaweza kukaa dukani hadi mkandarasi arudi na picha za mashimo, zikionyesha kwamba mtaro wenyewe unaweza kupita pale ulipochorwa.